Ubao Nilioutundika Ukutani

Karakana ya Viatu,
Mlango wa Bluu, Nyuma ya Stendi.
14 Juni

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo mwanangu? Mumeo hajambo? Na kile kifua chako kimekuachia, au bado unakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Macho bado makali. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe na miwani iko mfukoni. Mtu aliyeishia darasa la tatu anaandika hivi, je, angefika la saba angekuwa nani?

Baba yako ni mzima wa mwili, nalisema mapema usije ukashtuka. Lakini karakanani hayupo, mwezi wa pili huu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka nilikwenda ile semina ya wafanyabiashara, siku tatu, nikapewa na cheti. Nimekitundika juu ya mlango. Tulifundishwa kwamba kazi isiyopimwa haiendi. Nikarudi nikanunua ubao na chaki za rangi, nikaandika kila fundi na idadi yake ya siku. Mkataji wa ngozi vipande mia, mshonaji jozi kumi na mbili, mtu wa gundi jozi kumi na tano. Anayefikisha, nyota nyekundu. Nikakupigia simu kukuhadithia, ukaniambia, "Mjomba, usipime meza moja moja. Pima kiatu kimetoka mlangoni na hakikurudi. Meza hizo zimeshikana." Nikakujibu kwamba nilikuwa nashona viatu wakati marehemu mama yako hajaota meno. Ni kweli kabisa, ila sijui kwa nini nililisema.

Wiki ya kwanza ungeona mwanangu! Nyota tupu. Hata wale wa semina hawakuwa na ubao kama wangu. Mmoja tu alibaki nyuma, baba yako, yule wanayemwita Kobe. Jozi moja kwa siku, tena siku nyingine nusu. Unamjua mwenyewe: anashona kidogo, anainuka, anazunguka, anarudi. Ijumaa nikausoma ubao mbele ya watu wote.

"Shemeji, moja?"

"Moja," akasema.

"Wenzako kumi na mbili. Hapa hatulishi mtu wa kutembea."

"Mzee, Kobe mpimie kwa hatua!" akadakia mkataji. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baba yako akaikunja aproni yake vizuri, akaiweka kwenye kigoda, akaaga meza moja baada ya nyingine. Mimi akaniaga wa mwisho, kwa heshima zote.

Sasa sikiliza. Nilikuwa na oda ya shule, jozi mia mbili. Mshonaji akaja kulalamika hana cha kushona, na chumba kimejaa vipande. Nikaenda kuangalia. Vya mguu wa kushoto, rundo hadi dirishani! Vya kulia havifiki thelathini. Kumbe kukigeuza kigezo cha kadibodi na kukipanga upya juu ya ngozi kunampotezea mkataji muda. Nikamfokea, akanionyesha nyota zake.

"Vipande ni vipande, mzee. Ubao wako hauulizi mguu."

Zamani baba yako akipita pale alikuwa anakigeuza kwa kidole, anaendelea na mzunguko wake. Mimi nilidhani anachezea vitu vya watu.

Jozi chache zilizokamilika tukazipeleka. Jumatatu mwalimu mkuu akazirudisha kwenye gunia, soli zimeachama kama vifaranga vinavyosubiri kulishwa. Mtu wa gundi hangoji ikauke, kwa sababu kungoja hakuna nyota. Mshonaji naye, mishono yake siku hizi unapitisha kidole. Nikawapanga mstari kuuliza kosa la nani. Kila mmoja akanyoosha kidole ubaoni: amefikisha. Haya, niambie wewe uliyesomea mipango ya makampuni. Wote wameshinda, nani ameshindwa? Mwalimu mkuu ametupa mwezi mmoja. Akivirudisha tena, mlango wa bluu unafungwa, na niliufungua mimi barabara hii haijajua lami.

Ubao nimeushusha. Haikusaidia. Wanajichorea alama za chaki chini ya meza, wanashindana wenyewe kwa wenyewe. Nikiwakataza wanaitikia "ndiyo mzee," nikigeuka nasikia chaki.

Nikajaribu kuzunguka mimi, kama baba yako. Nikipita wanaharakisha. Nikigusa gundi sijui ninachotafuta, nabaki na kidole kinanata. Mimi! Niliyewafundisha wote hao kushika sindano, na baba yako mmojawapo.

Nimekwenda kwake mara mbili. Ananipokea vizuri, ananipa kile kiti chenye mto, ananiletea maji. Tunazungumza mvua na magoti. Nikifungua mdomo nilitoe lile neno, linatoka "haya shemeji, mchana mwema." Mara ya pili nilimchukulia na aproni yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Nikarudi nayo kwapani vilevile. Aliiona. Hakuiuliza.

Sijui nifanye nini, mwanangu. Sikuombi umbembeleze arudi, sijafikia huko. Ila ukimpigia Jumapili muulize, kama vile unauliza kwa ajili ya kazi yako ya huko: alipokuwa anazizunguka zile meza, alikuwa anatazama nini? Kisha uniandikie haraka. Usimwambie ni mimi.

Mkazamjomba wako anakusalimu sana, anasema nimekuwa mtu wa kukaa na sahani mbele bila kula. Asikutie hofu, ndivyo alivyo. Msalimie mumeo, na mapacha waambie babu anawakatia viatu, miguu yote miwili. Mungu akulinde, na mkono wako usichoke.

Na baba yako msalimie. Mimi nikimsalimia ananiitikia tu.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Fundi Mkuu.