Zamu wa Satelite

Kamembe, Jumanne usiku

Wamenikubali. Nimeisoma tena ile imeli nikiosha sahani, simu ikalowa, sijali. Doktora ya usalama wa mawasiliano ya satelite. Mimi.

Aliyeniudhi ni Maman. Nilimweleza polepole kwamba nitajifunza kulinda satelite, naye papo hapo akampigia dada yake, Tantine wa Bukavu, kana kwamba nimekuwa mlinzi wa geti: "Mutoto amepata kazi ya zamu. Ya kulinda masatelite."

Tantine akapiga kelele hadi nikamsikia nikiwa jikoni. "Zamu? Na masomo yote ile? Na mwizi atapanda kule juu na nini?"

Nikachukua simu. Nikamwambia mwizi hapandi. Anakaa chini kwake, anatuma amri akijifanya mwenye mali, na satelite inatii bila kuuliza ni nani.

Tantine akaitikia: "Aah. Basi kweli inahitaji zamu."

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Nimehangaika kuuandika mradi wangu, na hakuna sentensi yangu iliyokaa vizuri kama hiyo.

Naogopa hesabu. Naogopa kumwacha Maman avuke mpaka peke yake kwenda kuuza nyanya zake Bukavu, magoti yale... nitafikiria kesho.

Jioni habari ilishafika getini. Mzee Anastazi, zamu anayelinda ua wetu usiku, alinishika mkono kwa heshima zote. "Karibu kwa kazi, mwenzangu. Siri ni moja tu: usilale."

Sasa niko kitandani, macho wazi kabisa. Nadhani kazi nimeshaianza.