Mpini wa Baba Mdogo Magloire

Sephora, maharagwe iko kwenye mbabula ya makaa, ongeza maji.

Baba mdogo Magloire akija kuchukua fimbo ya gofu ya marehemu baba yenu, ~~mwambie sipo~~ mpatie ile yenye mpini mgumu wa chuma, iko nyuma ya mlango. Leo asubuhi alimcheka kaka yake mbele ya wafiwa wote: "Yaya alizeeka, alitaka mupini laini ya bamama!"

Baba yenu alichagua mpini mwepesi unaopinda kwa sababu mikono yake ilipungua kasi, na mpira ukaruka. Magloire anapiga polepole kuliko yeye, na mpini wa chuma unataka mikono yenye kasi. Jumapili tukicheza, mbele ya wafiwa wale wale, mpira wake utatambaa kwenye majani.

Ule wa bamama ninao mimi, nimeenda uwanjani kujizoeza. Jumapili nitapiga baada yake.

Mama yenu