Burudani Niliyoiba Harusini

Garissa,
Jumapili, baada ya ibada

Dada Wakesho,

Habari za huko juu? Mama hajambo? Goti lake likoje na hiyo baridi ya Mgange? Na wewe kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi tu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la hapa nimelizoea kidogo, nalala na leso iliyolowa maji. Lakini moyoni nina hasira, dada, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwa simu ningepiga kelele, na kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Nikwambie kubwa kwanza: Krismasi siji. Usininunie kabla hujasoma mpaka mwisho.

Nilishakwambia habari za Eedo Dahabo, yule mama anayetupikia chai hapa ofisini kwetu, ofisi ya kuchimba visima. Eedo kwa Kisomali ni shangazi, na sote tunamwita hivyo. Nilipofika Garissa sijui mtu, ndiye aliyenitafutia nyumba. Nilipougua malaria, siku tatu alikuja asubuhi na uji, jioni na uji. Ananiita abaayo, yaani dada, mimi niliye rika la binti yake. Basi huyo ndiye niliyemkosea. Nasema mapema usije ukadhani hasira yangu yote ni ya meneja. Nusu ni yangu mimi mwenyewe.

Sasa sikiliza. Makao makuu ya Nairobi yaliagiza kila tawi lifanye sherehe ya Krismasi na kutuma picha. Hapa tuko watu ishirini na wawili, Wakristo ni wanne. Meneja wetu, Bwana Kelvin, ametoka Nairobi juzi juzi, hata vumbi la hapa halijamkaa kwenye viatu. Akaunda kamati ya burudani ya watu watatu. Yeye mwenyewe, mimi, kwa sababu ati "hii ni sikukuu yenu, Mghoi," kama kwamba yeye hakubatizwa, na Abdullahi dereva, Msomali wa Kotile, kaunti hii hii. Jambo la kwanza Kelvin akapanga sherehe iwe Ijumaa, saa saba mchana. Ijumaa! Saa ya swala! Garissa! Abdullahi akamtazama, akamwambia taratibu, "Boss, hiyo saa utabaki na mbuzi beke yako." Ikasogezwa Alhamisi.

Burudani yenyewe ikatusumbua wiki nzima. Dijei wa Nairobi alisema upande huu haji. Nikapendekeza kwaya ya kanisa letu, Kelvin akasema inaleta usingizi. Kisha akaleta video za mchekeshaji fulani. Abdullahi akatazama mbili tatu, na vichekesho vyote vilikuwa vya kumwiga Msomali akiongea Kiswahili. "Mlete," akasema Abdullahi, wala hatabasamu. "Lakini chakula ale kwanza, maana baadaye hatapata nafasi." Kelvin akacheka akidhani ni mzaha. Abdullahi akaniambia pembeni, "Mghoi, watu wanataka bilau na soda. Burudani ya nini?" Laiti ningemsikiliza!

Jioni moja Kelvin akaandika kwenye grupu ya kamati: "Hamna kitu cha hapa hapa? Cha utamaduni?" Na mimi, dada, mdomo wangu huu, au niseme kidole changu, ukaniponza.

Miezi miwili nyuma Eedo alinialika harusi ya mpwa wake, upande wa wanawake. Mlangoni palikuwa na mama ameshika beseni, kila anayeingia anatia simu yake ndani. Sababu ni kwamba kule ndani wanawake wanavua mitandio, wanacheza wanavyotaka, hakuna mwanamume anayeona. Mimi nilitia simu yangu. Ile ya ofisi ikabaki kwenye mkoba. Mwanzoni nilikuwa nimeisahau, haki ya Mungu. Kisha Eedo akasimama katikati kuimba buranbur, mashairi yale ya wanawake, wanayoimbiana wao kwa wao kwa ngoma na makofi. Huyu mama tunayemjua na chupa ya chai, kichwa wazi, nywele zimetiwa hina, akiwataja bibi za bi harusi mmoja mmoja, na kila jina vigelegele! Sikuelewa hata maneno, lakini machozi yalinitoka. Nikataka kubaki nayo. Nikaitoa ile simu chini ya leso, nikarekodi. Si nyingi, hata dakika haikufika.

Basi ndiyo niliyoituma kwenye grupu. Nikaandika, "Mbona tunaye jikoni kwetu." Kwa nini? Kwa sifa tu. Nilitaka nionekane mgeni ninayewajua wenyeji.

Haikupita saa moja, Kelvin akaisukuma kwenye grupu kubwa ya kampuni nzima. Matawi yote, Nairobi, Wajir, Mandera. "Nyota wetu wa Krismasi!" akaandika. Wala hakuniuliza! Wala hakumuuliza mwenyewe! Na kule tawi la Mandera, dada, anafanya kazi mume wa binti mkubwa wa Eedo. Wewe unajua heshima ya mkwe kwetu. Huku imezidi. Yule kijana akija kutembea, Eedo anaongea naye akiwa upande wa pili wa pazia. Sasa amemwona mama mkwe wake kichwa wazi, mabega yanatikisika, na wanaume wenzake kazini wanapitisha simu na kupiga miluzi. Akampigia mkewe, mkewe akampigia mamake akilia.

Kesho yake asubuhi Eedo aliingia kwa Kelvin, mlango wazi, tukasikia sote. "Hii kitu ni ya wanawake," akasema. "Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Toa." Unajua alijibiwa nini? "Mama, huu ni utamaduni mzuri, jivunie! Mbona unaona haya?" Jivunie! Mtu ameingiliwa nyumbani anaambiwa ashukuru kwamba mwizi amesifu vyombo! Kelvin akaitoa kwenye grupu, sawa, lakini ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu. Na jina lake akaliacha kwenye ratiba. "Dakika tano tu, Mama Dahabo. Wageni wa makao makuu wanakuja kwa ajili yako." Kisha akanigeukia mimi: "Wewe ni mwanamke mwenzake, mshawishi."

Eedo hakuuliza nani alirekodi, si pale ofisini. Aliuliza wanawake wa ile harusi, maana mimi aliniona nikitia simu kwenye beseni. Wakaanza kushukiana, huyu anasema yule, wawili ambao ni majirani wa miaka wakaacha kusalimiana. Nami nikanyamaza. Kila siku saa nne analeta chai, ananiuliza, "Abaayo, umelala vizuri?" nami najibu vizuri. Wiki mbili, Wakesho! Abdullahi alijua, maana yumo kwenye kamati. Siku moja ndani ya gari akaniambia, "Mimi sitakusema. Lakini wewe jiseme." Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa yule mama, nakunywa na chai yake juu.

Alhamisi ikafika. Hema uani, mbuzi, pilau, Kelvin na kofia nyekundu ya sufu katika jua lile, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mgeni wa Nairobi ameshika kamera. Watu wameshiba, Kelvin akashika kipaza sauti: "Na sasa, nyota wetu!" Eedo akabaki mlangoni pa jikoni na sinia ya vikombe, hatikisiki. Basi yule mtu, ili kumchokoza atoke, akaiweka sauti ya ile video kwenye spika. Sauti ya Eedo ikajaa ua mzima, na vigelegele vya wale wanawake.

Abdullahi akainuka, akaenda nje ya geti. Akafuata fundi wa pampu, kisha walinzi, kisha wote, kimya kimya, wengine pilau haijaisha. Walitoka ili wasisikie. Kelvin akacheka, "Jamani, mnaenda wapi?" Hapo ndipo kitu kilipopanda kichwani mwangu. Nikachomoa waya wa spika, nikamnyang'anya kipaza sauti, nikasema kwa nguvu hata wa getini wasikie: "Hii video niliiba mimi. Niliingia na simu mahali niliambiwa nisiingie nayo. Asisingiziwe mwanamke mwingine yeyote. Na wewe, Bwana Kelvin, zima hiyo kamera yenu!"

Nilidhani nimemaliza. Nilidhani Eedo atakuja anikumbatie, mjinga mimi. Aliweka sinia chini. "Umesema mbele ya wanaume," akasema. "Kosa ulifanya kwa wanawake." Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Ijumaa Kelvin alinipa barua ya onyo, ati nimemwaibisha mbele ya wageni. Nikamwambia angeiandika kwa herufi kubwa zaidi niitundike ukutani. Acha anifukuze akitaka! Barua hiyo hainiumizi hata kidogo. Kinachoniumiza ni kwamba jioni ile nilienda kwa Eedo, na kwa mara ya kwanza aliniacha nisimame mlangoni. Akanitajia majina. Wanawake waliokuwa kwenye ile harusi, mmoja mmoja, na mahali wanapokaa. "Enda kwa kila mtu. Mimi nitakuja kukutafsiria. Lakini kusema, utasema wewe."

Ndiyo sababu siji, dada. Wengine wako hapa mjini, wawili wako Lafey, mbali huko Mandera, na watashuka mwisho wa mwezi. Likizo yangu yote ni ya milango ya watu.

Jana tulianza na bi harusi mwenyewe. Alitukaribisha, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Akaniuliza kwa Kisomali, Eedo akitafsiri, "Siku ile wewe ulicheza?"

Nikasema nilicheza.

"Kitambaa ulivua?"

Nikasema nilivua.

"Mbona hukujirekodi wewe?"

Eedo akanitafsiria, ingawa kwa macho yake nilikuwa nimeshaelewa. Nilijikuta navuta kitambaa changu mpaka kwenye paji la uso, Wakesho. Tuliporudi Eedo alitangulia hatua kumi mbele, nami nikafuata.

Nisalimie shangazi anayefundisha shule ya Jumapili, na Baba Mdogo wa duka la mbegu, mwambie kwenye kwaya aweke mtu mwingine sauti ya pili. Wanao wabusu, kimanga changu cha sikukuu kuleni nyinyi. Na Mama akiuliza kwa nini siji, usimwambie ni kazi. Mwambie nilichofanya, chote, usinipunguzie.

Mdogo wako,
Mghoi