Mkeka wa Msiba wa Baba

Kihonda, 9 Machi 2023

Mama, shikamoo.

Hamjambo huko Nyandira? Kila nikipiga simu unakata, ndiyo maana barua hii nimempa Nasibu anayeteremsha karoti zako mjini kwa gari lake.

Najua kilichokuudhi. Kwenye msiba wa baba wanawake wote mlikaa mkekani, mimi mwanawe nikasimama ukutani mpaka tunatawanyika. Mama, si maringo. Nikikaa, chini ya kiuno panawaka moto hadi miguuni. Hata cherehani nimeiacha. Eksirei haikuonyesha kitu, daktari akasema ni mawazo tu. Basi niamini wewe.

Mwanao, Judith

Nyandira, 20 Machi 2023

Judith,

Marahaba. Huku wazima, mvua zimeanza.

Nani asiyeumwa mgongo? Nimeteremsha matenga ya kabichi kichwani tangu usichana, na msibani nilikaa. Shangazi zako wanasema mjini umeota mapembe. Mimi mjane niko chini, binti wa marehemu amesimama kama mpita njia! Uliniaibisha. Usinitafutie ugonjwa.

Mama yako

Dar es Salaam, 2 Novemba 2023

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima. Barua yako ya Machi sikuijibu.

Nimepimwa MRI hospitalini huku. Vifuko vya maji vimeota kwenye mishipa ya fahamu, ndani ya mfupa ulio juu ya kifandugu. Daktari anasema ni nadra kumtesa mtu, ila vyangu vimekua mpaka vimeula mfupa. Jumanne ananipasua, avitoe maji na kuvishona. Hofu yake ni kwamba mishipa imebanwa muda mrefu mno.

Naogopa, mama. Nikiamka nikuone.

Mwanao, Judith

Nyandira, 24 Februari 2024

Mwanangu Judith,

Unaendeleaje? Mshono hauumi tena? Mimi nilifika salama nilipotoka kukuuguza, ila tangu yule daktari aliponiambia pale kitandani kwako, usingizi sina. Moto wa miguuni umezimika, Mungu ashukuriwe. Lakini kukaa, hutakaa tena. Tungewahi, alisema, ungekaa. Neno hilo ninalala nalo, ninaamka nalo.

Jumamosi ijayo ni misa ya mwaka ya baba yako. Nasibu atakupitia, ametandika godoro nyuma ya gari uje umelala.

Shangazi zako nimeshawaambia: mkeka hautandikwi. Mjane nitasimama ukutani, na binti yangu ubavuni kwangu. Anayetaka kukaa, akakae kwake.

Mama yako