Jibu Langu Lililokosea Bado Limo Kundini

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wa mtu asiyenijua, kwa kuwa wanaonijua wote wananisifu, na sifa zao ndizo zinazonielemea. Mimi ni mhandisi wa mitambo ya hospitali, na miaka minne iliyopita nilianzisha kundi la WhatsApp la mafundi wa hospitali sita, watu ambao awali kila mmoja alihangaika peke yake na mashine yake, na leo fundi akikwama hupiga picha, huituma, na kabla hajamaliza kufuta grisi mikononi ameshajibiwa na mwenzake. Nakiri najivunia kundi hili kuliko shahada yangu, hasa kwa sababu tuna desturi moja tusiyoivunja, kwamba ukisaidiwa lazima urudi kueleza kosa hasa lilikuwa nini, hata likikuaibisha, na yupo aliyewaandikia wenzake arobaini kwamba mashine yake ilikataa kuwaka kwa kuwa alisahau kuichomeka.

Mwezi uliopita fundi wetu mkongwe asiye na shahada, tunayemwita Babu Spana, alituma picha ya mtambo wa kutakasia vifaa vya upasuaji uliokuwa ukijizima katikati ya kazi, nami, nikiwa kikaoni na bila kuuliza swali hata moja, nikajibu: "Badilisha kihisi joto." Akabadilisha, mtambo ukaendelea kujizima, upasuaji wa siku mbili ukaahirishwa, hadi alipogundua mwenyewe kwamba chujio la bomba la kutolea maji lilikuwa limezibwa na nyuzi za vitambaa. Lakini kundini aliandika: "Injinia alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyefunga nyaya vibaya." Nilipompigia simu kuuliza, alinieleza habari ya chujio huku akicheka.

"Binti yangu, mwezi ujao wakurugenzi wa hospitali wanaamua kama kundi letu liwe utaratibu rasmi wa kazi. Unataka wasikie injinia mwenyewe anabahatisha? Mimi uso wangu umeshazoea grisi."

"Lakini Babu, si kweli."

"Basi chukua kama zawadi, na usinirudishie."

Nikakata simu, na hadi leo sijasahihisha kitu kundini. Huenda ana haki, kwani wakubwa walishatucheka kwamba simu ni za umbea, na kosa langu likijulikana sasa pengine watalifunga kundi zima. Huenda pia ninaita kulilinda kundi kile ambacho kwa kweli ni kulinda heshima yangu mwenyewe, sina hakika, na juzi fundi wa hospitali nyingine ameandika kwamba mtambo wake una dalili zilezile na ameshaagiza kihisi joto, watu wakampigia makofi. Je, niseme sasa, au nisubiri uamuzi upite?

Injinia Anayesifiwa

*

Injinia,

Barua yako imejengwa vizuri, lakini jambo kubwa kuliko yote umelificha mkiani. Kuna fundi anayesubiri kifaa asichokihitaji, na nyuma yake mgonjwa anayesubiri mkasi safi, na wewe unapima huenda hii na huenda ile wakati namba yake unayo! Mpigie kabla hujalikunja gazeti hili. Mwambie afungue chujio kwanza.

Nakuelewa, dada yangu. Umejenga kitu cha kujivunia na unaogopa kukibomoa kwa mdomo wako. Ila aliyekiri mbele ya watu arobaini kwamba alisahau kuchomeka mashine, ujasiri ule aliupata kwako. Leo desturi iwabane wengine, wewe ikupitie pembeni? Hapo umeniudhi.

Babu Spana usimwombe ruhusa. Mweleze kwa adabu kwamba utaandika, asije akayasoma kundini kama mgeni. Kisha andika: nilijibu bila kuuliza, nilikosea, tatizo lilikuwa chujio, na aliyeligundua ni yeye. Udhuru wa kikao uache. Jibu la zamani usilifute. Weka sahihisho chini yake, pamoja na picha.

Habari hiyo uwapelekee wakurugenzi wewe mwenyewe, kabla ya uamuzi. Siwezi kukuahidi kwamba watalipitisha kundi. Nimewahi kuamini busara za wakubwa nikajuta. Lakini wakilipitisha kwa sababu halijawahi kukosea, watakuwa wamepitisha kitu ambacho hakipo. Waonyeshe kilichopo: mzee asiye na shahada aliyeona kile ambacho mhandisi hakukiona, na mhandisi asiyeona haya kulisema hilo kwa sauti. Ingia kikaoni umeinua kichwa.