Baba Anataka Basi Lake, Kompyuta Hailitambui

Bi Stellamaris, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndugu zangu wanakaa kikao kunijadili, mimi mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye mume na kazi ya ofisini hapa Kibaha, na kosa langu eti ni kumchezesha baba gemu.

Baba yetu, Mzee Mwinyijuma, aliendesha basi la Kisarawe kwenda Mzenga tangu sijazaliwa, mwaka jana kisukari kikamchukua mguu wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta, hospitali wakampa mguu wa bandia naye akausukumia uvunguni, akawa anashinda kimya kibarazani kwake Mzenga kama mgeni aliyekosea nyumba, ndipo nikambebea laptop yangu na usukani wa gemu wenye pedali, nikamwekea ile gemu ya malori ya Ulaya. Bi Stellamaris, baba aliendesha! Kwa mguu wa kushoto peke yake aliendesha, akawatukana wenye malori, akacheka, kisha akasimamisha gari akaniuliza, "Mwanangu, hii nchi ya nani? Mbona wote wanapita upande wa wendawazimu? Basi langu liko wapi?" Nikamwambia nitalileta. Akasema, "Lete gari langu, mguu nitauvaa." Shangazi Mwamini ni shahidi.

Nikarudi nyumbani Misugusugu, nikatafuta mtandaoni, nikakuta vijana wa hapa hapa nchini wametengeneza mod, yaani nyongeza ya kupachika kwenye gemu, basi la kijani vilevile kama la baba, barabara ya vumbi, na kila gari linapita kushoto. Nikashusha faili, nikaibonyeza, kompyuta ikaleta kidirisha kwamba haiitambui, nichague programu ya kuifungulia. Nikachagua ya picha, ikagoma, nikachagua ya muziki, ikagoma. Jina lake linaishia na .rar. Nilipomlalamikia shangazi kwa simu akaniambia, "Libadilishe jina. Wewe mwenyewe ulipozaliwa tulikuita Naila, ukalia kutwa kucha, jina limekukataa, tulipokuita Mwanakheri ukanyamaza." Nikaona ana akili, maana nilishasoma kwamba gemu ile inataka faili zinazoishia na .scs, nikafuta .rar nikaandika .scs, kompyuta ikanionya nikaipuuza. Lakini nikifungua gemu, basi halimo. Kwenye ukurasa nilikoshusha faili mtu ameandika kwamba dawa yake ni kushusha kitu kinachoishia na .exe, ila kwanza nizime kinga ya virusi. Nimeshakishusha, sijakibonyeza bado.

Kaka yangu Shabani amecheka mpaka machozi. "Hata kompyuta imekataa upuuzi wako," ananiambia. "Baba ni mgonjwa, mwache apumzike. Unamrudisha utotoni mbele za watu." Yeye ndiye aliyeitisha kikao, palepale kwa baba, anataka laptop yangu isikanyage tena Mzenga. Mimi sitaacha, nakwambia mapema ili usije ukanishauri niache. Ninachotaka kujua ni basi limekwama wapi.

Mwanakheri, Misugusugu

*

Marahaba, Mwanakheri. Barua yako ilipofika, wenzangu hapa gazetini walisema si ya ukurasa huu, niwapelekee mafundi, mimi nibaki na waume zangu walevi na mawifi wenye midomo. Nimekataa. Gemu hizo nazicheza na mvi zangu hizi, na anayetaka kucheka acheke.

Kwanza nikugombeze. Hicho cha .exe kifute sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma. Mgeni anayekutaka umwondoe mlinzi getini ndipo aingie, anakuja kufanya nini? Mod ya basi haihitaji kinga yako izimwe. Una akili ya kupambana na ukoo mzima halafu unataka kumfungulia mlango mwizi!

Pili, hilo jina. Shangazi yako simbezi, dawa yake imetuliza watoto wengi, lakini faili si mtoto. Hiyo .rar ni furushi. Mtengenezaji amelikunja basi lake na barabara yake, akavifunga pamoja ili vishuke kwa wepesi. Wewe hukulifungua furushi, umelibandika jina la basi ukalipeleka stendi. Gemu imechungulia, imekuta furushi, imepita zake. Wala kompyuta haikusema faili ni mbovu, ilisema haina cha kuifungulia.

Basi rudisha .rar yako. Shusha programu ya kufungulia mafurushi, zipo za bure, ila uichukue kwenye tovuti ya wenyewe. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kutoa vilivyomo. Likiomba nywila, rudi ukurasa ulikolishusha, mara nyingi imeandikwa hapo. Ndani utakuta .scs za kweli, pengine moja ya basi na nyingine ya barabara, pamoja na maelezo mafupi ya mtengenezaji. Yasome! Watu wanayaruka kisha wanalia. Yatakwambia mod ni ya toleo gani la gemu, na kama si toleo lako, itafute ya toleo lako badala ya kulazimisha. Hizo .scs zihamishie kwenye folda inayoitwa mod, ndani ya folda ya gemu iliyoko Documents. Kisha fungua gemu, nenda sehemu ya mod, uziwashe, maana kuziweka tu hakutoshi. Lijaribu basi nyumbani kwako kabla hujaenda popote.

Sasa kaka yako. Kosa lake ni hilohilo lako, ila la kwake linauma zaidi. Amemfutia baba yenu neno dereva, akaandika mgonjwa, halafu anadhani na kilichomo kimebadilika. Hakijabadilika, Mwanakheri. Ulikiona mwenyewe siku ile alipowatukana Wazungu wa malori.

Kwa hiyo kikaoni usiende kujitetea. Wahi Mzenga, panga meza, funga usukani, basi liwe limewashwa linangoja kwenda Kisarawe. Vuta ule mguu uvunguni, uweke karibu naye, unyamaze. Usimkumbushe ahadi wala usimvalishe, maana ukifanya hivyo utakuwa unamrudisha utotoni kweli, kama Shabani anavyosema. Baba akiuacha, aendeshe kwa wa kushoto, bado ni dereva. Akiuvaa, na Shabani akainuka kuanza hotuba, mwambie akae chini kama abiria wengine. Gari linaondoka.