Rimu za Gari Jingine

Tarime, 9 Septemba 1976

Dada Mwanne,

Shikamoo. Huku Bomani tupo, ila mwanangu Sophia ana surua na sukari imeadimika tena.

Mumeo Bushiri alipoleta Land Rover ya kijiji gereji kwangu, nilimfungia mbele rimu za gari jingine, maana zake zilipasuka na mpya hazipatikani. Nati ziliingia vizuri. Wiki iliyofuata akarudi.

"Shemeji, nikifika mwendo wa maili hamsini usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi."

Nikabadilisha matairi, nikakagua usukani wote, sikuona kitu. Nikamwambia, "Wewe endesha polepole tu."

Siku ile ya ajali alikuwa anamkimbiza mwalimu Veronika hospitali, mimba imemharibikia, damu haikatiki. Asingeweza kwenda polepole. Gurudumu la mbele likachomoka, gari likapinduka, Veronika akafa. Bushiri akawekwa ndani kwa kosa la mwendo kasi. Nami niliyejua habari ya ule mtetemo nilinyamaza siku kumi na mbili, dada.

Jana nilikwenda kulitazama gari. Tundu la katikati ya rimu ni kubwa kuliko kitovu cha ekseli linapokaa. Gurudumu lilishikwa na nati peke yake, na mtetemo ukazilegeza. Ni jambo la kupima dakika moja, na sikulipima.

Nimewaeleza polisi yote. Barua hii anakuletea Bushiri mwenyewe. Mpe maji aoge, wala usimwulize habari zangu mbele ya watoto. Mimi nimebaki kwenye chumba alichotoka yeye.

Ndugu yako,
Sadick